Mko wachache kijijini na mnataka kuabudu Kiyahudi? Anzeni na Sabato

Kuna vikundi vya waumini huko vijijini, unakuta familia nne tano hivi, walisoma Torati wakaanza kujiuliza mbona haya hatuyashiki, na sasa moyo umeshaenda huko ila rabi, yaani mwalimu wa dini ya Kiyahudi, hayupo karibu na hawajui washike lipi kwanza. Mimi nasema anzeni na Sabato. Shofari (baragumu la pembe), mashela ya maombi, kibao kipya mlangoni, vyote visubiri.

Ila kabla ya hapo kaeni mlimalize suala la Yesu. Dini ya Kiyahudi haimkubali kuwa Masihi, na vikundi vya Kimasihi vinavyomwamini huku vikishika Sabato, Wayahudi wengi wanavihesabu kuwa ni Wakristo tu. Chagueni kwa uhuru lakini msifichane jamani, maana kikundi kidogo hivyo kikija kugawanyika kwa jambo hili baadaye hakiinuki tena.

Haya, Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku nyota tatu zionekane. Mishumaa kwa kawaida inawashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, kwaiyo Ijumaa ndo siku ya kazi kwelikweli, mpike kila kitu, maji yachotwe, taa iwashwe mapema, kwa sababu Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto siku hiyo, na mshumaa ukishawaka hauzimwi, unaachwa uishe wenyewe, so uwekeni mbali na pazia na watoto. Mifugo inalishwa na kunyweshwa kama kawaida, mnyama haachwi na njaa. Mezani kuna baraka ya divai, juisi ya zabibu inafaa pia, na mikate miwili iliyofunikwa kukumbuka ile mana ya siku mbili. Hamna zabibu kabisa? Usiku wa Ijumaa baraka hiyo inaweza kusemwa juu ya mkate, msikose Sabato kwa ajili ya chupa.

Asubuhi ndo wengi wanakwama kwa sababu ya idadi. Ibada kamili inataka Wayahudi kumi watu wazima, kuanzia miaka 13, Wayahudi wa mkondo wa Kiothodoksi wanahesabu wanaume tu na wengine wanahesabu na wanawake. Nyie bado hamjafika huko, kwaiyo sala ya Kadishi na kutoa Torati hadharani kwa baraka zake acheni kwanza. Mnabaki na mengi sana: Shema (ile "Sikia, Ee Israeli"), Zaburi ya 92 ambayo ni ya siku ya Sabato, na maombi ya kimya ya kila mtu. Imbeni kwa lugha yenu na tuni zenu, Waabayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, wanaimba zaburi kwa Kiluganda na inapendeza mno.

Torati imegawanywa sehemu 54 inayoisha kwa mwaka. Msihangaike na gombo, linaandikwa kwa mkono kwenye ngozi, herufi zaidi ya laki tatu, bei yake sio ya kikundi kinachoanza. Biblia yenu inatosha, kila nyumba isome sehemu ya wiki alafu Jumamosi anayefafanua awe tofauti kila mara, kiongozi asiwe anaongea peke yake. Kalenda chukueni iliyokwisha kupigwa hesabu, maana kuna mwezi unaongezwa mara 7 kila miaka 19 na mkijihesabia wenyewe mtafunga Yom Kippur (Siku ya Upatanisho) siku isiyo yake.

Na msijiite Wayahudi bado. Hilo linapitia baraza la watu watatu, kuzamishwa majini, na tohara kwa wanaume. Waabayudaya walianza 1919 chini ya Semei Kakungulu karibu na Mbale, wakapita hadi Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, na ni 2002 ndo wengi wao wakapokelewa rasmi na baraza la marabi wa mkondo wa Kihafidhina. Miaka 83, na mda wote huo walikuwa wanashika Sabato.

Kwaiyo mkimwandikia rabi, mwambieni mko wangapi, mnashika nini tayari, na mmeamua nini kuhusu Yesu. Muulizeni ni wa mkondo gani, kwa sababu Waothodoksi hawatambui uongofu wa mikondo mingine, na pia wengine wao watawaambia asiye Myahudi ana amri 7 za Nuhu tu, zile za watu wote, na Sabato asiishike yote. Msikilizeni mpaka mwisho kabla hamjajibu. Msiombe pesa kwenye barua ya kwanza, ombeni mwalimu.