Likizo ya kuzamia visiwani: anza na ndege ya kurudi, kisha pima risasi zako za uzito

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kupata cheti cha kwanza cha kuzamia na sasa anataka kukitumia kisiwani kwa wiki moja hivi. Viza, hoteli na jinsi ya kufunga begi sivigusi.

Hatua ya 1: Hesabu kinyumenyume kutoka kwenye ndege ya kurudi

Kabla ya kulipia mbizi hata moja, andika saa ya ndege ya kurudi. Ukiwa chini, nitrojeni ya hewa unayovuta huyeyukia mwilini. Ndani ya ndege shinikizo hushuka hadi kulingana na la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na nitrojeni iliyobaki inaweza kutoka kama mapovu kwenye damu na viungo. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unataka usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama kwa lazima wakati wa kupanda, saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na zaidi sana ya hapo kama ulilazimika kusimama. Likizoni hakuna anayezamia mara moja, kwa hiyo mimi napigia hesabu saa 24, hata kompyuta ya kuzamia ninayovaa mkononi ikisema niko huru mapema.

Ndege ndogo za kuruka kisiwa hadi kisiwa nazo ni ndege. Milima vilevile: huko Hawaii, Haleakalā kwenye kisiwa cha Maui ina mita 3,055 na Mauna Kea 4,207. Panda kwanza, zamia baadaye.

Hatua ya 2: Chagua kisiwa kwa msimu na kwa cheti, si kwa picha

Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18, cha pili 30, na mwisho wa uzamiaji wa starehe ni mita 40. Maldives sheria inakomea mita 30 hata uwe na cheti gani. Pemba ina kuta zinazoshuka mbali na mikondo yenye nguvu. Si mahali pa kwenda na mbizi chache tu mkononi. Bonaire ni kinyume chake: unaingia majini kwa miguu kutoka ufukweni, na kisiwa kiko kusini ya njia kuu ya vimbunga vya Karibi, ambavyo msimu wake ni Juni hadi mwisho wa Novemba. Pwani ya Afrika Mashariki, kaskazi ina bahari tulivu kuliko kusi.

Ukifuata mnyama fulani, uliza kwanza kama anatazamwa kwa mtungi wa hewa. Papa potwe wa Mafia, wanaoonekana zaidi Oktoba hadi Februari, hukaa karibu na uso wa maji na watu huwatazama kwa maski na kipumulio cha mrija. Hanifaru, kule Maldives, panapokusanyika taa wakubwa aina ya manta, mitungi imepigwa marufuku kabisa. Watu hulipia mbizi kumi kwa ajili ya kitu ambacho mtungi hausaidii.

Hatua ya 3: Fomu ya afya

Ichapishe ukiwa nyumbani. Ukijibu "ndiyo" kwenye swali moja la pumu, moyo, masikio au upasuaji, utahitaji sahihi ya daktari, na kisiwani huenda daktari wa kuisaini hayupo. Bima ya safari ya kawaida mara nyingi haigusi uzamiaji. Tafuta inayotaja waziwazi matibabu ya chemba ya shinikizo na kusafirishwa kwa dharura.

Hatua ya 4: Cha kubeba, cha kukodi

Beba maski yako, kompyuta yako na, kama unayo, regileta yako (kifaa cha kupumulia kutoka mtungini), vyote kwenye begi la mkononi. Betri za lithiamu za akiba ziende humohumo. Mitungi na risasi, yaani vipande vya uzito vya kukuzamisha, usibebe. Jaketi la kujazwa hewa na mapezi kodi bila wasiwasi, lakini kompyuta usishiriki na mtu: kina chako na chake havilingani hata mkiwa pamoja mbizi nzima.

Maski mpya ina utando wa silikoni kwenye vioo, nao ndio unaoiletea ukungu. Isugue ndani kwa dawa ya meno na kidole, suuza, rudia mara tatu au nne. Kama regileta yako ni ya kufungwa kwa skrubu za DIN, chukua adapta, maana visiwa vingi vina mitungi yenye vali za kubana kwa nje. Palau, taifa la visiwa la Pasifiki, tangu 2020 imepiga marufuku mafuta ya jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe. Fulana ya mikono mirefu inamaliza hoja hiyo kila mahali.

Hatua ya 5: Risasi

Hapa ndipo mbizi zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye boti utaulizwa unavaa kilo ngapi. Ukijibu "sijui", utapewa nyingi. Kiongozi anataka kundi lishuke pamoja, na risasi za ziada zinamrahisishia yeye kazi. Wewe kila kilo ya ziada unailipia kwa kujaza hewa kwenye jaketi. Hewa hiyo husinyaa ukishuka na kutanuka ukipanda, kwa hiyo unashinda ukibonyeza vitufe, miguu inaning'inia na kugonga matumbawe, na mtungi wako unaisha wenzako wakiwa bado na nusu.

Makisio ya kuanzia kwa maji ya chumvi: asilimia 5 ya uzito wa mwili kwa suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3, karibu 10 kwa milimita 5. Ni makisio tu. Pima hivi: kaa mahali ambapo miguu haigusi chini, umevaa kila kitu, regileta mdomoni. Toa hewa yote ya jaketi, vuta pumzi ya kawaida, ishike kidogo, usipige mapezi. Maji yanapaswa kufika usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ukizama ukiwa bado na pumzi, toa kilo moja. Ukitoa pumzi yote na kidevu bado kikavu, ongeza nusu kilo.

Sasa maonyo, maana kipimo hiki kinadanganya kwa njia nne.

Ya kwanza ni mtungi. Ule wa aluminiamu unaotumika visiwa vingi, wa lita 11 hivi, hupoteza takriban kilo 2 za hewa kutoka shinikizo la bar 200 hadi 50. Ukijaa huzama kidogo, ukikaribia kuisha huelea. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2 kwenye jibu. Mtungi wa chuma haugeuki hivyo. Unabaki mzito hata ukiisha, na risasi zinapungua. Uliza ni upi, usikisie kwa rangi.

Ya pili, maji. Kipimo cha bwawa la kuogelea hakiendi baharini. Maji ya chumvi ni mazito kwa karibu asilimia 2.5, hivyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 100 atahitaji kilo 2 na nusu zaidi.

Ya tatu, pauni. Sehemu nyingi za Karibi risasi zimepigwa namba za pauni. "4" hapo ni kilo 1.8. Soma chuma chenyewe. Geji nazo huandika psi: 3,000 ni kama bar 200, na 700 ni kama 50.

Ya nne ni wewe. Wengi wanaoshindwa kuzama hawana upungufu wa risasi. Wamejaza mapafu kwa wasiwasi, wanapiga mapezi bila kujua, au mrija wa kutolea hewa wameushika chini, ilhali hewa hutoka ukiinuliwa juu ya bega. Suti ambayo haijalowa nayo ina mapovu; ivute shingoni maji yaingie. Toa pumzi ndefu, subiri, toa tena. Baada ya hapo ndipo uombe risasi.

Hukumu ya mwisho ni kwenye kituo cha dakika 3, mita 5, mwisho wa mbizi. Ukiwa na bar 50 na jaketi tupu, uweze kukaa palepale kwa kupumua tu. Kama bado kuna hewa kwenye jaketi, mbizi ijayo toa kilo. Kama unang'ang'ania kamba usipande, ongeza. Kisha andika: kilo, unene wa suti, aina ya mtungi, maji. Mstari huo mmoja ndio jibu lako kwenye boti ijayo.

Hatua ya 6: Masikio

Kutoka juu hadi mita 10 shinikizo huongezeka maradufu, na sehemu ngumu ni mita chache za mwanzo. Anza kuzibua ukiwa bado juu, kisha kila nusu mita, kabla hujasikia chochote. Maumivu ni dalili kwamba umechelewa. Shuka miguu ikitangulia, kichwa juu, ukishika kamba ya nanga. Sikio likigoma, panda mita moja, meza mate, jaribu tena taratibu. Usipulize kwa nguvu. Sikio la ndani linaweza kuchanika.

Ukiwa na mafua, kaa ufukweni. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa ikakwama sikioni wakati wa kupanda, wakati ambao huwezi kuahirisha. Baada ya kila mbizi suuza masikio kwa maji yasiyo na chumvi na uyakaushe. Maambukizi ya tundu la sikio humaliza likizo nyingi kuliko mkondo wowote.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Mbizi ya kwanza iwe ya kina kifupi, mahali penye mchanga. Panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika. Kila mtu awe na boya lake la kupulizwa na filimbi, hasa penye mkondo, kwa sababu kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani hata kutoka mita mia mbili.

Hatua ya 8: Siku ya mwisho, isiyo na mbizi

Osha vifaa. Loweka regileta kwenye maji yasiyo na chumvi kwa nusu saa, kifuniko cha vumbi kikiwa kimekaushwa na kukazwa, na usibonyeze kitufe cha kupuliza hewa ikiwa majini, la sivyo maji yatapanda kwenye mrija hadi sehemu ya regileta inayofungwa kwenye mtungi. Itundike kivulini hadi ikauke kabla ya kuitia begini.