Jinsi ya kumwombea mtoto cheti cha kuzaliwa siku hiyohiyo ya kliniki

Ile karatasi uliyopewa wodini siku ya kuruhusiwa si cheti cha kuzaliwa. Ni tangazo la kizazi. Nimeona wazazi wameipiga leminesheni na kuihifadhi kabatini pamoja na hati ya kiwanja, kisha siku wanakwenda kumwandikisha mtoto bima ya afya wanaambiwa warudi na cheti. Na mtoto yuko mgongoni, anachemka.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano. Zanzibar wana wakala wao. Huku Bara kazi hii ni ya RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na tangu mpango wa watoto wa umri huu uanze Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mkoa hadi mkoa, cheti hutolewa kwenye vituo vya afya vyenye kliniki ya mama na mtoto na kwenye ofisi za watendaji wa kata. Hulipi kitu. Ukidaiwa "ya kalamu", uliza risiti uone kama itatoka.

Ushauri wangu ni kwamba usitenge siku maalumu ya kufuata cheti, maana siku hiyo haiji. Wiki ya sita utampeleka mtoto kliniki kwa vyovyote, apate pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano), matone ya polio, rota (chanjo ya kuhara) na chanjo ya nimonia. Maliza na cheti hapohapo. Ukipitwa, ipo wiki ya kumi, ipo ya kumi na nne, ipo surua na rubela ya miezi tisa. Ila siku iliyotangulia, muulize nesi kama msajili atakuwepo na kama vitabu vya vyeti havijaisha.

Kabla ya kutoka nyumbani, malizeni suala la jina. Sisi mtoto wetu wa kwanza tangazo lake lilisomeka "mtoto wa" fulani tu, kwa sababu wazee walikuwa hawajakubaliana. Tulipofika dirishani bado tulikuwa na majina mawili, la bibi na letu. Msajili alitutazama, akafunika kalamu, akaita mwingine. Jueni jina la kwanza, la baba na la babu, na muwe mmeyaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Bebeni tangazo la kizazi, kadi ya kliniki ya mtoto, na vitambulisho vya taifa vya wazazi au namba za NIDA. Mama anaweza kwenda peke yake, lakini kama hamjafunga ndoa ni vizuri baba mwenyewe awepo, jina lake lisizue mjadala. Tangazo likipotea, kadi ya kliniki ndiyo inayokutetea, kwa hiyo isiachiwe watoto waichoree. Aliyejifungulia nyumbani aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, athibitishe kuwa mtoto kazaliwa pale.

Mkifika, msajili atajaza fomu: majina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, taarifa za wazazi. Taarifa hizo huzituma RITA kwa simu, kisha huandika cheti kwa mkono. Hapa ndipo pa kukaza macho. Usiseme tu "Abdalla" ukategemea atajua. Taja herufi moja moja, na mwonyeshe kitambulisho ili jina la baba lifanane na lilivyo NIDA, hata kama NIDA wenyewe walilikosea. Ukitaka kulisahihisha, anzia huko. Msajili mmoja mwenye busara alikuwa akisema, "Mama, soma fomu kwa sauti kabla sijagusa cheti." Ukimpata wa hivyo una bahati. Usipompata, omba mwenyewe kusoma. Angalia mwezi na tarehe visibadilishane nafasi: 03/08 na 08/03 ni watoto wawili tofauti. Wino ukishakauka, kosa la herufi moja linakuwa safari nyingine, barua na viapo.

Ukipewa cheti, kipige picha kwa simu palepale, mbele na nyuma, kisha katoe nakala mbili tatu. Asili iachwe nyumbani. Shule na watu wa bima wapelekee nakala, na wakitaka kuiona asili, ionyeshe uondoke nayo.

Mtoto akishavuka miaka mitano mlango huu unafungwa. Utaomba kupitia ofisi ya wilaya au mfumo wa mtandaoni wa eRITA, utapewa namba ya malipo, na utatakiwa kuambatanisha vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au vyeti vya shule.

Jambo la mwisho, kwa sababu huwa naulizwa. Kukosa cheti hakumzuii mtoto wa chini ya miaka mitano kupata chanjo wala kutibiwa bure kwenye kituo cha serikali, kwani ndivyo sera ya afya inavyosema. Akiugua leo, mpeleke leo na kadi yake ya kliniki. Cheti mtakifuata akishapona.