Una mwili mkubwa na unataka kucheza laini ya futiboli ya Kimarekani? Anzia miguuni

Hapa Malindi kuna vijana wana miili ya nguvu kweli kweli, na kila nikiwaona wamebeba magunia huwa nawaza ile futiboli ya Kimarekani ya kofia ngumu, manake kule timu ikishambulia kuna watu 5 wa laini, senta katikati, magadi wawili na matekeli wawili pembeni, kazi yao ni kumlinda kotabeki, yule anayerusha mpira, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira.

Sasa wengi wanadhani ni kifua. Ni miguu yakhe! Wavuvi wakirudi nenda ufuoni uwasaidie kupandisha dau. Ukisukuma umesimama wima unateleza tu na dau halisogei, lakini kunja magoti, shusha kiuno, mgongo unyooke, hatua ziwe fupi fupi za haraka, utaona linapanda. Laini ni hivo hivo. Mikono ipige kifuani kwa mwenzio, usimkumbatie wala kumvuta jezi, refa akikuona timu inarudishwa yadi 10.

Na shule usiache, nakuomba sana. Wengi wanapitia vyuo vya kule Marekani, na NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wanaangalia matokeo yako ya sekondari kabla hujagusa uwanja. NFL, ile ligi kubwa ya kulipwa, nao hawakuchukui mpaka ipite miaka 3 tangu umalize sekondari, ndo uingie drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi 7, timu 32. Kama kwenu kuna raga cheza, Jordan Mailata alikuwa mtu wa raga ya ligi kule Australia, futiboli hajaicheza hata mechi moja, timu ya Philadelphia Eagles wakamchukua 2018 raundi ya 7 wakamfunza utekeli, na 2025 akabeba Super Bowl, fainali ya NFL.

Lakini wa kumsoma ni Joe Thomas wa chuo cha Wisconsin. Siku ya drafti ya 2007 alikuwa ziwani anavua samaki na babake, timu ya Cleveland Browns wakamchagua wa 3, na kuanzia hapo kila mpira ulipoanzishwa timu ikishambulia yeye yumo uwanjani, mara 10,363 mfululizo, hadi 2017 msuli wa mkono ukachanika. Timu ilikuwa inafungwa karibu kila mwaka na bado yeye yuko pale, mi huyo namheshimu sana. Alipostaafu akaupunguza ule mwili, na wewe siku ukiacha kucheza punguza sahani mapema, moyo na magoti havitabeba ule uzito bila mazoezi.