Namna ya Kupima Mlango wa Siriali kwenye FreeRTOS

Mlango wa siriali unaweza kufanya kazi bila tatizo unapotuma neno moja na kulisoma kwenye kompyuta, kisha ukaanza kupoteza baiti mara tu FreeRTOS, mfumo mdogo wa uendeshaji unaogawa muda wa kichakataji kwa kazi mbalimbali, inapobanwa na kazi nyingine. Kwa hiyo haitoshi kupima kama data inafika. Ni lazima ithibitike kwamba inapokelewa kwa wakati hata kichakataji kikiwa kimeelemewa. Maelezo haya yanatumia bodi ya Nucleo-F446RE, kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na biti 1 ya kufunga. USART2, mmojawapo wa milango ya siriali ya bodi hii, tayari imeunganishwa na USB, hivyo iachie kazi ya kutoa ripoti, na upime USART1.

Anza kwa kuunganisha pini za USART1, yaani PA9 (ya kutuma) na PA10 (ya kupokea), kwa waya mmoja, utume thamani zote kuanzia 0 hadi 255, na uhakikishe zinarudi zilivyo. Kipimo hiki hakitafichua kasi iliyowekwa vibaya, kwa sababu mtumaji na mpokeaji wanafuata saa ileile. Ndiyo maana hatua inayofuata ni kuunganisha kompyuta kupitia kibadilishi cha USB cha volti 3.3, waya wa kutuma ukienda kwenye pini ya kupokea na kinyume chake, huku ardhi za pande zote zikiunganishwa. Mlango wa RS-232 wa kompyuta za zamani usiunganishwe moja kwa moja, kwani volti zake zinaweza kuiunguza bodi. Mwenye osiloskopu atume baiti 0x55, ambayo biti zake hupishana 0 na 1, mfululizo: ataona wimbi la mraba ambalo kila ngazi yake hudumu takriban mikrosekunde 8.7.

Sasa piga hesabu. Kila baiti hubeba biti 10 kwenye waya (1 ya kuanza, 8 za data na 1 ya kufunga), yaani mikrosekunde 87 hivi, kwa hiyo katika milisekunde moja hufika baiti 11 au 12. Rejista ya kupokea huhifadhi baiti moja tu. Kazi inayoichungulia kila milisekunde itapoteza karibu zote. Acha katizo (interrupt, yaani programu fupi inayoitwa mara tu baiti inapofika) lisome baiti na kuiweka kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, kwa kutumia huduma ya xStreamBufferSendFromISR, bila kuchapisha chochote humo ndani. Kipaumbele cha katizo hilo nacho kiangaliwe: kwenye Cortex-M, aina ya kichakataji cha bodi hii, namba ndogo ndiyo yenye nguvu zaidi, na katizo linaloita huduma za FreeRTOS halipaswi kuwa na namba iliyo chini ya kikomo kilichowekwa kwenye FreeRTOSConfig.h, ambacho mara nyingi ni 5. Washa configASSERT, ukaguzi unaosimamisha programu penye kosa, maana kosa hili bila ulinzi huo huonekana kama wazimu wa mashine.

Kipimo chenyewe ni cha mzigo. Unda kazi yenye kipaumbele kikubwa kuliko ya mpokeaji, izunguke bure milisekunde 20 kisha ilale 80. Ndani ya milisekunde hizo 20 huingia baiti zipatazo 230, hivyo bafa ya 128 itafurika na ya 512 itahimili. Tuma pakiti zenye namba ya mfuatano, urefu na CRC (namba ya kukagua kama data imeharibika), na uweke vihesabio tofauti, kwa sababu kihesabio kimoja cha "makosa" hakikusaidii kujua pa kurekebisha. Bendera ya ORE (baiti mpya imefika kabla ya iliyotangulia kusomwa) ikipanda, katizo lenyewe limechelewa, na mara nyingi chanzo ni sehemu ya programu iliyozima makatizo kwa muda mrefu. Bafa ikijaa, aliyechelewa ni mpokeaji. Bendera ya FE (biti ya kufunga haikuonekana mahali pake) huelekeza kwenye kasi au nyaya.

Uache mzigo huo ukiendelea usiku kucha, kisha uchomoe waya wa data katikati ya pakiti na kuurudisha. Mpokeaji anatakiwa kuikataa pakiti iliyokatika, kuhesabu namba zilizorukwa, na kuendelea na pakiti nzima zinazofuata bila bodi kuwashwa upya.