Jinsi ya kupima mtaji wa benki kabla ya kuomba mkopo

Mfanyabiashara wa viazi wa Mwanjelwa, Mbeya, akiambiwa na afisa mikopo kwamba "kwa sasa mfuko umebana", hudhani kasoro iko kwenye dhamana yake, kumbe huenda hesabu iliyomkwamisha ni ya benki yenyewe. Hesabu hiyo anaweza kuisoma kabla hajapanga foleni.

Anza na taarifa ya fedha ya robo mwaka, ambayo benki hulazimika kuitangaza. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2014 ziliitaka benki ya huduma ndogo za fedha iwe na mtaji msingi (fedha za wenye benki wenyewe, si za wateja) usiopungua shilingi bilioni 5, nao usishuke chini ya asilimia 12.5 ya mali zilizopimwa kwa vihatarishi (yaani mikopo na mali nyingine za benki, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake), akiba ya tahadhari ikiwemo. Kwa hesabu ya juu juu, bilioni 5 hubeba mikopo ya bilioni 40. Lakini hasara ya bilioni 1 ikila mtaji huo, uwezo wa kukopesha hupungua kwa bilioni 8. Kwa hiyo usiangalie faida peke yake, bali linganisha mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ya robo hii na ya robo iliyopita. Ikipanda huku mtaji umesimama palepale, tegemea masharti magumu. Wakazi wa Njombe hawahitaji kuelezwa sana, kwani Januari 2018 benki yao ya wananchi ilikuwa miongoni mwa benki tano zilizofutiwa leseni kwa upungufu wa mtaji.

Ukishajua hali, panga ombi lako liendane nayo. Mkopo unaodhaminiwa na fedha taslimu iliyowekwa katika benki hiyohiyo haulemei mtaji kama ule wa kawaida, hivyo kikundi chenye akiba kitaje akiba hiyo mapema. Mkopo wa miezi sita huachia benki nafasi ya mtaji upesi kuliko wa miaka miwili, lakini katika ufupi huo ndipo mkulima wa Uyole, Mbeya, hunaswa: hupewa marejesho ya kila wiki wakati viazi vyake bado viko ardhini, kisha hukimbilia "kausha damu", mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ili alipe benki. Omba kwa maandishi kwamba sehemu kubwa ya rejesho iangukie mwezi wa mavuno, ukiambatanisha daftari la mauzo ya misimu miwili. Ukikataliwa, muulize afisa kama kikwazo ni wewe au ukomo wa tawi, yaani kiasi ambacho tawi linaruhusiwa kukopesha. Kikiwa ni huo ukomo, rudi robo ijayo na daftari lilelile.