Somo: Kurudisha simu janja kwenye hali ya kiwandani bila kufungiwa nje

Kufuta simu ni kazi ya dakika chache. Yanayoumiza watu yako kabla na baada yake: picha ambazo hazikuwa na nakala, au simu inayowaka ikiwa tupu na kudai nenosiri ambalo mwenyewe kalisahau. Kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye maandalizi.

Jaribu kwanza bila kufuta

Simu ikiganda na haisikii kidole, shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 20. Hii hufanya kazi kwenye Android nyingi. Kwenye Pixel (simu za Google) shikilia kitufe cha kuwasha peke yake, sekunde 30. Kwa iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza, halafu shikilia cha pembeni mpaka nembo itokee. Swichi ya kuzima ikijitokeza katikati, usiachie, endelea kushikilia. Hapa hakuna kinachofutika.

Kama kero ni matangazo yanayoruka kwenye skrini, washa simu ya Android katika hali salama: fungua menyu ya kuzima, kisha shikilia alama ya kuzima mpaka uulizwe. Katika hali hiyo programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi. Matangazo yakikoma, mchawi ni mojawapo ya programu hizo. Washa upya kama kawaida, uziondoe moja moja ukianza na ya karibuni. Huna haja ya kufuta simu nzima.

Maandalizi

1. Namba za watu. Angalia zimehifadhiwa wapi: akaunti ya Google, laini au simu yenyewe. Zilizo kwenye simu yenyewe zitapotea. Zihamishie kwenye akaunti, au toa faili la .vcf (faili la kubebea namba za watu) na ulitume kwenye barua pepe yako.

2. Picha. Usiridhike na maandishi kwamba nakala imekamilika. Ingia kwenye akaunti kwa kifaa kingine, utafute picha uliyopiga leo. Ukiiona, endelea.

3. WhatsApp. Hifadhi nakala ya gumzo kwa mkono, usingoje ile ya usiku. Itarudi tu ukitumia namba ileile na akaunti ileile ya Google. Kama uliifunga nakala kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64, uwe navyo mkononi. Ukivipoteza, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kuifungua.

4. Programu za kutoa misimbo ya kuingilia, yaani zile tarakimu unazoulizwa baada ya nenosiri. Hii ndiyo husahaulika kuliko zote. Hamisha misimbo kwenye simu nyingine, au andika kwenye karatasi misimbo ya akiba ya kila akaunti.

5. Akaunti. Jaribu nenosiri lako la Google au Apple kwenye kifaa kingine sasa hivi. Kama umelibadilisha karibuni, Google hushauri usubiri saa 24 kabla ya kufuta simu. Kama unaiuza au kumpa mtu, ondoa akaunti ya Google kwenye Mipangilio kwanza. Kwa iPhone, zima Find My (huduma ya Apple ya kutafuta simu iliyopotea).

6. Toa laini na memori kadi. Chaji ivuke nusu, na waya ubaki umechomekwa.

Kufuta kupitia Mipangilio

Android halisi: Mipangilio, Mfumo, chaguo za kubadilisha mipangilio, kisha futa data yote. Samsung huiweka chini ya usimamizi wa jumla, Xiaomi chini ya kuhusu simu. Njia ya mkato: andika "kiwandani" au "reset" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Mipangilio. Kwa iPhone: Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Erase All Content and Settings.

Ukiulizwa kuhusu eSIM (laini iliyo ndani ya simu, isiyo na kadi) na simu inabaki kuwa yako, usiifute. Kuirudisha mara nyingi humaanisha kurudi kwa kampuni yako ya simu.

Kufuta kwa vitufe, simu isipofunguka

Zima simu kabisa. Shikilia kuwasha pamoja na kuongeza sauti mpaka nembo itokee, kisha achia. Samsung za miaka ya karibuni hazitaingia kwenye menyu ya kufutia mpaka ziwe zimeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na hapo ndipo wengi hudhani vitufe vimekufa. Kwenye Pixel ni kuwasha na kupunguza sauti, kisha chagua "Recovery mode". Ukiona roboti na maneno "No command", shikilia kuwasha na ubonyeze kuongeza sauti mara moja.

Vitufe vya sauti husogeza, cha kuwasha huchagua. Nenda "Wipe data/factory reset", thibitisha, kisha "Reboot system now". Kuwaka kwa mara ya kwanza huchelewa, hata robo saa. Usikukatize.

Lakini jua hili: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa vitufe hudai akaunti ya Google iliyokuwemo, au namba ya siri ya zamani. Haina namna ya kujua kama aliyeshika vitufe ni mwenyewe au mwizi. iPhone nayo ina kufuli la namna hiyo tangu iOS 7.

Maswali ya wanachama

*Swali: Nimenunua simu iliyotumika, inadai akaunti ambayo aliyeniuzia haikumbuki. Nifanyeje?*
Mkuu, ufunguo uko kwa mwenye akaunti. Arejeshe nenosiri lake, aingie mwenyewe kwenye simu. Kwa iPhone anaweza kuiondoa kupitia iCloud akiwa mbali. Akikwepakwepa, dai pesa yako. Siku nyingine, simu ifutwe na kuwashwa mpaka skrini ya nyumbani kabla hujalipa.

*Swali: Nilishafuta bila nakala. Kuna programu ya kurudisha picha?*
Kwa simu za sasa hakuna. Data huwa imesimbwa (imegeuzwa isisomeke bila ufunguo), na kufuta huharibu ufunguo wake. Wanaouza programu za kurudisha wanauza hewa. Memori kadi ni habari nyingine: picha zilizofutwa humo huweza kupatikana ikiwa hujaandika vitu vipya juu yake. Ila kama kadi ilifanywa hifadhi ya ndani, ufunguo wake ulikuwa kwenye simu, na umekwenda nao.

*Swali: Je, kufuta simu kutaondoa virusi na kufuli la mtandao, lile linaloifunga simu kwa kampuni moja?*
Virusi, mara nyingi ndiyo, mradi usirudishe programu ileile iliyovileta. Vilivyopachikwa ndani ya mfumo wenyewe hubaki, kwa sababu kinachofutwa ni sehemu ya mtumiaji tu. Kufuli la mtandao na IMEI (namba ya utambulisho wa simu) havibadiliki.

*Swali: Nimefuta, bado inakwama kwenye nembo.*
Basi mfumo umeharibika, au hifadhi yenyewe inakufa. Hatua inayofuata ni kuflashi, yaani kupakia upya, mfumo halisi wa modeli hiyo hiyo, herufi na namba zote zikilingana. Ikijizima na kujiwasha hata ikiwa kwenye menyu ya vitufe, achana na mfumo. Kagua betri, na kitufe cha kuwasha kama kimenasa.