Diski ya nje imegoma kwenye Ubuntu? Usikimbilie kufomati

Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa Kisumu na Nakuru huwekewa Ubuntu au Linux Mint kwa sababu mifumo hiyo ni myepesi na leseni ya Windows ni ghali. Kisha mwenye studio anachomeka diski ya terabaiti 1 iliyojaa video za harusi, haionekani, na anaambiwa, "Linux haisomi hii, tufomati." Mara nyingi hiyo si kweli. Linux inasoma karibu kila diski ya USB iliyo sokoni. Kinachogoma huwa ni umeme, kebo, chipu ya ndani ya kasha, au alama iliyoachwa na Windows, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa kufuta data ya mtu.

Fungua terminali, dirisha la kuandika amri (Ctrl+Alt+T), uweke vifaa vya kazi. Ni vifurushi vidogo, havitamaliza bando:

    sudo apt install --no-install-recommends smartmontools ntfs-3g exfatprogs gddrescue

Hatua ya 1: Soma kerneli (kiini cha Linux) inasema nini

Chomoa diski, andika amri hii, kisha uichomeke tena huku ukitazama skrini:

    sudo dmesg -w

Usipoona mstari wowote mpya, mashine haijui kabisa kwamba kuna kitu kimechomekwa. Shida iko kwenye kebo, poti au umeme, kwa hivyo nenda hatua ya 2. Ukiona `New USB device found` halafu mistari ya `reset` au `error` ikijirudia, soma hatua ya 2 na ya 3. Ukiona `sdb: sdb1` na `Attached SCSI disk`, upande wa vifaa uko sawa, ruka hadi hatua ya 4.

Jina `sdb` linaweza kuwa tofauti kwako. Andika `lsblk` ulinganishe ukubwa kabla ya kugusa chochote, kwa maana kukosea herufi moja hapa ni kuharibu diski ya laptopu yenyewe.

Hatua ya 2: Umeme na kebo

Poti ya USB 2.0 inaahidi miliampea 500, ya USB 3.0 miliampea 900. Diski ndogo ya inchi 2.5 hula umeme mwingi zaidi pale mota inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshashika kasi. Poti ikiwa dhaifu, utasikia diski ikianza, ikigonga "tik", ikizima, ikianza tena. Wengi husikia mlio huo wakadhani diski imekufa. Ipe kwanza poti nyingine, upande mwingine wa laptopu. Kwa kompyuta ya mezani tumia poti za nyuma, zilizo kwenye ubao mama wenyewe. Za mbele hupitia waya mrefu wa ndani. Habu isiyo na adapta yake iweke kando kabisa.

Kebo ndiyo mshukiwa mkuu. Kichwa kipana cha diski nyingi, kile chenye sehemu mbili zilizoungana, hulegea haraka. `error -71` maana yake mawasiliano yanavurugika njiani, na `error -110` maana yake kerneli ilisubiri jibu lisije. Zote mbili huanza kwa kubadilisha kebo.

Huna kebo ya pili? Kebo ya simu ya micro-USB ya zamani huingia kwenye ile sehemu kubwa ya soketi hiyo pana, na diski itafanya kazi kwa kasi ya USB 2.0. Ni polepole, takriban megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, ila inatosha kuonyesha kama diski ni nzima. Hakikisha tu ni kebo ya data; nyingine za mitaani zina nyaya za kuchaji peke yake.

Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake, kwa kawaida ya volti 12. Adapta ikipotea watu huazima ya ruta kwa kuwa plagi inaingia. Volti zinaweza kuwa sawa lakini ampea zisitoshe: adapta ya ampea 1 kwa diski inayotaka ampea 1.5 itaizungusha kidogo kisha iiachilie. Soma lebo zote mbili, volti zilingane, ampea zisipungue. Chaja ya laptopu ya volti 19 usiijaribu hata kwa utani.

Hatua ya 3: Diski inaonekana, kisha inaganda ukinakili faili kubwa

Hili ndilo tatizo hasa la Linux, na ndilo mafundi wengi hulikosa. Dalili kwenye `dmesg` ni `uas_eh_abort_handler` ikifuatwa na `reset SuperSpeed USB device`. UAS ni njia mpya ya kuzungumza na diski inayotuma maagizo mengi kwa pamoja badala ya moja moja. Baadhi ya chipu za kwenye makasha hutangaza kwamba zinaiweza, zikishapewa kazi nzito zinazidiwa. Windows ikifanya kazi na diski hiyohiyo, mteja anakuwa na hakika kwamba kosa ni la Ubuntu.

Angalia draiva inayotumika na namba ya kifaa:

    lsusb -t
    lsusb

Ukiona `Driver=uas` na namba kama `152d:0578`, iambie kerneli itumie njia ya zamani kwa kifaa hicho pekee. Weka namba yako mwenyewe. Hii ni mfano:

    echo "options usb-storage quirks=152d:0578:u" | sudo tee /etc/modprobe.d/diski-usb.conf
    sudo update-initramfs -u

Washa upya mashine. `lsusb -t` sasa ionyeshe `Driver=usb-storage`. Kasi itapungua kidogo, lakini diski iliyotulia ni bora kuliko diski ya haraka inayokatika katikati ya kunakili. Vifaa viwili? Tenganisha kwa koma ndani ya mstari uleule.

Hatua ya 4: Pima afya kabla ya kurekebisha chochote

    sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Tazama mistari mitatu. Namba 5, `Reallocated_Sector_Ct`, ni sehemu zilizoharibika zikabadilishwa. Namba 197, `Current_Pending_Sector`, ni sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya. Namba 199 huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na chipu ya kasha.

Safu ya mwisho ya namba 197 isipokuwa sifuri, acha kila kitu. Usiendeshe `fsck`, `chkdsk` wala programu yoyote ya kurekebisha, maana zinailazimisha diski dhaifu kufanya kazi zaidi na kuandika juu ya data. Toa nakala kwanza:

    sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/nakala/diski.img /media/nakala/diski.map
    sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/nakala/diski.img /media/nakala/diski.map

Amri ya kwanza inachukua yaliyo rahisi, ya pili inarudia sehemu ngumu mara tatu. Sehemu ya kuweka nakala (hapa `/media/nakala`, yaani diski nyingine) lazima iwe na nafasi ya diski nzima, hata kama iliyojazwa ni robo tu. Faili ya `.map` hukumbuka ulipofika, kwa hivyo stima ikipotea na mashine ikazimika, rudia amri ileile na kazi itaendelea palepale. Mvua za radi za Kisumu, Kakamega na Kisii zinajulikana. Laptopu yenye betri nzima inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Hatua ya 5: Mfumo wa faili

    lsblk -f

NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ikikataa kufunguka, kwa kawaida diski ilichomolewa bila kutolewa vizuri, au Windows ilijizima nusu kwa sababu ya Fast Startup, mpangilio wake wa kuwaka haraka. Ujumbe wa kawaida ni `unclean file system` au `volume is dirty`. Fungua kwa kusoma tu, unakili yaliyo muhimu:

    sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

Ukiwa na mashine ya Windows karibu, endesha `chkdsk E: /f` (badilisha herufi), kisha uzime kikamilifu kwa `shutdown /s /t 0`. Usipoipata, fanya `sudo umount /mnt` halafu `sudo ntfsfix -d /dev/sdb1`, ambayo hurekebisha machache na kuondoa alama ya uchafu. Si mbadala wa `chkdsk`.

exFAT, mfumo mwingine wa faili, imo ndani ya kerneli tangu toleo la 5.4, na draiva iliyokomaa zaidi ilikuja na 5.7 mwaka 2020. Ubuntu 18.04 yenye kerneli 4.15 inahitaji `exfat-fuse` na `exfat-utils`.

FAT32 husoma kila mahali, ndiyo maana maduka ya muvi huipenda kwa ajili ya televisheni, lakini haipokei faili ya gigabaiti 4 au zaidi. `File too large` si ugonjwa wa diski.

`lsblk -f` ikiandika `BitLocker` (usimbaji wa Windows), tafuta ufunguo wa kurejesha kwa mwenye diski:

    sudo cryptsetup open --type bitlk /dev/sdb1 yangu
    sudo mount -o ro /dev/mapper/yangu /mnt

Na diski iliyotoka kwenye DVR (kinasa video) ya kamera za ulinzi inaweza kuonekana tupu kabisa. Haiko tupu, DVR nyingi huandika kwa mtindo wao. Irudishe kwenye DVR.

Kuhusu kuvunja kasha

Chipu mbovu inaweza kukufanya utake kuitoa diski uifunge kwenye kasha jingine. Subiri. Makasha mengine huonyesha sekta za baiti 4096 wakati diski yenyewe hutumia 512, na ukihamisha, patisheni hazionekani. Baadhi ya My Book na My Passport za WD husimba data ndani ya chipu hata kama hukuweka nenosiri, na nyingi za My Passport zina soketi ya USB iliyochomelewa kwenye ubao wa diski, hakuna SATA (soketi ya kawaida ya diski) ya kuunganisha.

Ukimaliza, izime kwa mpangilio:

    udisksctl unmount -b /dev/sdb1
    udisksctl power-off -b /dev/sdb

Ikikujibu `target is busy`, `sudo lsof /dev/sdb1` itakutajia programu iliyoishikilia. Mara nyingi ni dirisha la terminali lililobaki ndani ya folda hiyo.